Barua ya Wazi kwa Bunge la Kaunti ya Kisumu: Damu ya Akina Mama wa Nyalenda

Kwa Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi,
Bunge la Kaunti ya Kisumu.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Nyalenda, ng'ambo ya Ring Road ukitoka Milimani, mtaa ulio jirani na Dunga ambako wengi wenu hupeleka wageni kula samaki. Asubuhi mimi ni nyamrerwa, ambaye serikali humwita mhamasishaji wa afya ya jamii. Jioni nakaanga mgongo wazi kando ya barabara. Asubuhi nawapima akina mama mkono kwa utepe. Jioni haohao wanapita kwenye karai langu, nami naona wanachonunua na wanachokitazama tu wakaenda zao.

Nimehudhuria mikutano ya afya hadi nimeyajua maneno ya ufunguzi kwa moyo. Mgeni wa heshima akisimama kueleza kwa nini mama wa mtaani amepungukiwa damu na mwanawe amedumaa, hachelewi kumtupia mama lawama: hajui lishe bora. Dawa huwa ni semina nyingine. Tunapewa karatasi yenye picha ya yai, papai, glasi ya maziwa na kipande kinono cha samaki, tunapigwa picha tukiwa tumeishika, tunarudi nyumbani.

Naandika kuipinga hadithi hiyo. Mama wa Nyalenda anajua chakula kizuri ni kipi. Anachokosa ni samaki wa bei anayoimudu, kituo cha afya chenye dawa, maji, na mahali pa kuuzia bidhaa bila kukimbizwa. Vyote vinne vimetajwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili, penye orodha ya kazi za kaunti: uvuvi, afya, maji, masoko. Ndiyo maana barua hii sikuielekeza Nairobi.

1. Mafunzo yametosha

Simamisheni mama yeyote pale Pandpieri, hapa hapa Nyalenda, mumwulize mboga za kuongeza damu. Atawatajia osuga, ambao Waswahili huuita mnavu, kisha dek, apoth, mitoo na majani ya kunde, bila kupumua. Atawaeleza kwamba dek huchemshwa, ikatiwa maziwa na kulazwa ili uchungu upungue. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha hapa jirani Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kwenda Chuo cha Jomo Kenyatta, alizitafiti mboga hizi kwa miaka mingi na kuonyesha kisayansi utajiri wa madini na vitamini uliomo. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya wanasayansi wanawake. Bibi zetu hawakupata tuzo, lakini walikuwa wamefika hapo kabla.

Sasa fanyeni hesabu ya mama aliyerudi nyumbani saa moja usiku. Sukuma wiki hukatwakatwa, ikakaangwa na kitunguu, ikaiva ugali ukisongwa. Osuga huchambuliwa jani kwa jani, huchemshwa kwa muda, na hutaka maziwa. Maharagwe humaliza mkebe mzima wa makaa kabla hayajalainika. Na mama huyu hununua kila kitu kwa kadogo: mafuta ya kupimiwa, unga nusu kilo, makaa ya mkebe mmoja. Akichagua sukuma wiki, hajakosa elimu, amepiga hesabu vizuri kuliko mwezeshaji wa semina.

Siku ambayo hata sukuma haipo, watu hula ugali kwa strungi, yaani chai ya rangi. Hapo nakubali kuna jambo moja la kufundishwa ambalo wengi kweli hawajalisikia: chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika chakula hicho. Niruhusuni niliseme mimi, nyumba kwa nyumba, halipiti dakika mbili. Fedha za ukumbi, mahema na chakula cha mchana cha wageni zipelekwe kwingine.

2. Samaki anatupita mbele ya macho

Wageni hudhani anayeishi karibu na ziwa hula samaki. Tukumbushane ilivyokuwa. Samaki wa mama maskini alikuwa fulu, mdogo, mwingi, wa bei ya chini. Miaka ya 1950 wakoloni wakatia mbuta, yaani sangara, ziwani. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa amejaa kila mahali, na fulu wa mamia ya aina wamepungua au wametoweka. Mbuta akaleta viwanda. Minofu yake husafirishwa hadi Ulaya, na hata kibofu chake kina wanunuzi Uchina, tena kwa bei ambayo sisi hatuwezi kuisogelea. Kinachobaki ni kichwa, mkia na mifupa iliyoshikiliwa na nyama kidogo. Hicho ndicho mgongo wazi. Mimi huuza mabaki hayo na sioni haya, mchuzi wake ni mtamu na watoto wa hapa wamekua nao. Lakini mtu asije kuniambia kwamba mifupa ya mbuta aliyekwisha kuchunwa minofu ni sawa na yule samaki aliyechorwa kwenye karatasi ya semina.

Tumebaki na omena, dagaa wa ziwa hili. Ninawaomba mmheshimu omena kuliko mnavyomheshimu sasa. Huliwa mzima, na kichwa, na mifupa, kwa hiyo mama anapata chuma, kalsiamu na zinki kwa pamoja. Angekuwa anavuliwa Norway angeuzwa ndani ya chupa kama dawa. Hapa kwetu sehemu kubwa yake huenda kwenye viwanda vya chakula cha kuku na nguruwe. Mfanyabiashara wa chakula cha mifugo hununua kwa magunia. Mama wa Nyalenda hununua kwa kikombe, au kwa gorogoro akibarikiwa. Hawawezi kushindana. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, jambo ambalo silipingi, maana ziwa likiisha tumekwisha sote. Ila miezi hiyo minne huanza na mvua ndefu, shamba bado halijatoa, omena amepanda bei, na mimba hazifungwi msimu. Sijawahi kuona mpango wowote wa kaunti unaotambua kwamba miezi hii akina mama wajawazito wa mtaa huu wamepokonywa nyama yao pekee.

Tena kuna suala la kukausha. Omena aliyeanikwa mchangani hupata kokoto, mvua ikinyesha anaoza, na bei yake huwa ya chakula cha kuku. Aliyeanikwa juu ya chanja hukauka haraka na kuliwa na watu. Tofauti ni mbao, wavu na paa la plastiki. Kwa muda wote ambao viongozi wamezungumzia uchumi wa ziwa, jamani, hata chanja zimetushinda!

Na nitaje lile ambalo hutajwa kwa kunong'ona. Mwanamke hana mtumbwi. Ana beseni. Samaki wakiwa wachache, mvuvi humchagua wa kumwuzia, na asiye na mtaji hulipa kwa mwili wake. Huo ndio mtindo wa jaboya, kila mtu ufukweni anaufahamu. Utafiti wa kitaifa wa HIV wa 2018, uitwao KENPHIA, ulikuta watu wazima 17.5 katika kila 100 wa kaunti hii wana virusi vya HIV, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Siwezi kusema jaboya pekee ndiyo sababu. Nasema tu kwamba mwanamke anayehatarisha maisha yake ili apate beseni la samaki, kisha samaki wale akawauza wote ili alipe kodi na karo, na usiku akala ugali kwa mchuzi, hawezi kusaidiwa na picha ya papai.

3. Damu

Uchunguzi wa kitaifa wa virutubisho wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa asilimia 41.6 ya wajawazito Kenya wana upungufu wa damu. Hapa ziwani tunaongezewa mzigo wa malaria. Uchunguzi wa malaria wa 2020 ulikuta watoto 19 kati ya kila 100 wa ukanda wa ziwa wana vimelea, na vimelea hivyo havichagui umri: kwa mjamzito hukaa kwenye kondo la nyuma na kula damu ya watu wawili. Ongezeni minyoo ya safura, kichocho cha ziwani na mimba zinazofuatana.

Tiba yake inajulikana na ni rahisi. Tembe moja kila siku yenye miligramu 60 za chuma pamoja na foliki asidi, tangu mimba ijulikane hadi kujifungua. Fansidar ya kuzuia malaria, angalau mara tatu. Dawa ya minyoo. Chandarua. Kupimwa kiwango cha damu, ambacho kikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita kwa mjamzito ni tatizo. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji daktari bingwa wala mashine ya mamilioni.

Basi msikilize inavyokwenda. Jirani yangu alifika kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa ya miezi mitano, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Aliambiwa mashine ya kupima damu haifanyi kazi, aende maabara ya kulipia. Hakwenda. Tembe zilikuwa zimeisha, akaandikiwa kwenye karatasi akanunue duka la dawa. Alinunua za wiki moja, kwa sababu ndizo alizoweza. Kitabu chake cha mama na mtoto kinaonyesha amehudhuria kliniki. Kwenye takwimu zenu yeye ni mafanikio.

Mwaka 2023 sisi wahamasishaji tulipewa masanduku ya vifaa kwa shangwe kubwa. Langu lina mashine ya presha, ya sukari, mizani, kipimajoto na ule utepe wa mkono. Ya kupima kiwango cha damu haimo. Naweza kumwambia mzee wa miaka sabini sukari yake imefika wapi akiwa sebuleni kwake, lakini mjamzito aliyepauka viganja mbele yangu nampima kwa macho, nikimvuta kope la chini kama walivyofanya wakunga wa zamani.

Kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua ndiko kunakoongoza kuua akina mama katika nchi hii. Mama anayeingia chumba cha kujifungulia akiwa na kiwango cha damu cha saba hana akiba. Kinachomtia mwenzake kizunguzungu tu, yeye kinamuua. Waheshimiwa, hiki ndicho kipimo cha uzito wa jambo ninaloliandika.

4. Kadi iliyobadilika jina

Kujifungua bure katika hospitali za umma kulianza Juni 2013, kukapanuliwa 2016 kwa jina la Linda Mama. Mama alijisajili, akahudumiwa. Tarehe 1 Oktoba 2024 mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, ikachukua nafasi yake. Sasa mama anayeuza nyanya hupimwa uwezo kwa maswali, hutajiwa kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, kisha hudaiwa mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu anayenunua mafuta ya kula kwa kijiko anaulizwa shilingi 3,600 papo hapo. Mpango wa kulipa kidogo kidogo umeletwa baadaye, lakini huo nao ni mkopo.

Najua sheria ya SHA haikutungwa na bunge lenu. Lakini tarehe 13 Desemba 2018 majaribio ya afya kwa wote yalizinduliwa papa hapa Kisumu, tukiwa moja ya kaunti nne za nchi nzima, na kwa muda mfupi tulionja maana yake. Hakuna kinachowazuia kutenga fedha za kuwalipia mchango akina mama wajawazito wasiojiweza. Orodha ya majina tunayo sisi nyamrerwa, tunazijua nyumba moja moja.

5. Maji

Nitasema kwa ufupi kwa sababu mmeshaambiwa. Nyalenda imekuwa mtaa wa mfano kwa mpango wa kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, wa kuwapa waendeshaji wa mtaani mabomba makuu wauze maji, na mpango huo umesaidia kweli. Hata hivyo mama anayenunua mtungi wa lita 20 kioskini hulipa zaidi kwa kila lita kuliko jirani wa Milimani mwenye mfereji jikoni. Akishindwa huchota kisimani, na visima vyetu vimechimbwa hatua chache kutoka vyooni, katika ardhi ambayo maji yako juu. Mto Auji ukifurika, kisima na choo huwa kitu kimoja. Tumbo linaloharisha kila mwezi halishiki chakula, hata kiwe kile cha kwenye picha.

6. Wanaokunywa dawa na njaa

Mgonjwa wa HIV anayemeza dawa tumbo tupu anaweza kuzitapika, au kuziacha. Kulikuwa na unga wa lishe uliotolewa kliniki kwa waliokonda, mwingi ukigharamiwa na wafadhili. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada, tuliona jinsi huduma zilizojengwa juu ya fedha za watu wengine zinavyoyumba. Sitaki kuwalaumu Wamarekani, fedha ni zao. Nauliza kwa nini kaunti yenye kiwango cha HIV kama chetu haikuwa na fungu lake la unga huo.

7. Njaa isiyoonekana kwenye ramani

Njaa ikitajwa Kenya, macho huenda Turkana, Marsabit na Mandera. Wanastahili, na zaidi. Lakini kwa kuwa hapa mvua hunyesha na ziwa liko mlangoni, mama wa Nyalenda hahesabiwi. Tena njaa yake ina sura nyingine inayowachanganya wataalamu: anaweza kuwa mnene na bado hana damu. Takwimu za afya za kitaifa zinaonyesha wanawake wenye uzito kupita kiasi walikuwa asilimia 33 mwaka 2014, wakawa 45 mwaka 2022. Mandazi, chapati na ugali mwingi hushibisha kwa bei nafuu. Nyumba moja ninayoitembelea ina bibi mwenye sukari, binti mjamzito aliyepauka, na mjukuu aliyedumaa. Wote hula chungu kimoja.

Na waume zetu nao wasikie, maana hili si la kaunti pekee. Zamani mwanamke wa Kijaluo hakula kuku wala mayai, ulikuwa mwiko. Mwiko umekufa, ila utaratibu wa kupakua umebaki. Sahani ya baba hutangulia, watoto hufuata, mama hupangusa sufuria. Mheshimiwa anayeweza kulisema hilo jukwaani mbele ya wanaume, bila kucheka, nitampigia kura hata kama si wa chama changu.

Ombi letu

Makadirio ya bajeti hufika mbele yenu kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Tunataka tuone humo fungu la lishe ya akina mama lenye jina lake na kiasi chake, lisilozikwa ndani ya maneno mapana kama "huduma za kinga". Fungu hilo linunue kwanza akiba ya tembe za chuma na Fansidar ya kutosha miezi mitatu katika kila kituo cha Nyalenda A na Nyalenda B, ili gari la dawa likichelewa mama asirudishwe. Linunue mashine za kupima damu zinazobebeka, na kipimo kiwe bure kwa mjamzito. Liwalipie mchango wa SHA wale tutakaowaorodhesha.

Kwa upande wa uvuvi, tunaomba chanja zenye paa na mtambo wa barafu Dunga, vikisimamiwa na wanawake wenyewe, pamoja na mkopo usio na dhamana ya shamba kwa vyama vyao vinunue mitumbwi na nyavu. Mwanamke mwenye sehemu ya mtumbwi hahitaji jaboya. Na kati ya Aprili na Julai, omena wakiwa wamefungiwa, wajawazito waliosajiliwa wapewe vocha ya mayai au maharagwe, ya kutumiwa kwa wachuuzi wa hapahapa.

Kuhusu wachuuzi hao: askari wa kaunti wakimwaga beseni la mboga la mama, wamemwaga chakula cha jioni cha nyumba kumi. Tengeni mahali pa soko la jioni kando ya Ring Road, lenye taa, maji na choo, kisha ndipo mzungumze nasi kuhusu usafi wa jiji.

La mwisho ni kuhusu vikao vya kukusanya maoni ya umma. Mkiviita saa tatu asubuhi mjini, wanaokuja ni wenye nafasi, na ndio wanaosema kwamba wananchi wameomba barabara. Saa hizo wachuuzi wenzangu wako Dunga wakisubiri mitumbwi. Njooni Nyalenda saa nane mchana, samaki wa asubuhi wameshauzwa na karai za jioni hazijawashwa. Tutaleta viti. Mje na waziri wa afya wa kaunti na mwenzake wa uvuvi siku hiyohiyo, kwa sababu tumechoka kuambiwa na kila mmoja kwamba jambo hili ni la mwenzake. Tunaomba jibu kwa maandishi, lenye tarehe ya kikao hicho, kabla makadirio hayajapigiwa kura.

Wenu kwa heshima,

Nyamrerwa na muuza mgongo wazi,
Nyalenda B, Kisumu